Uchafu wa Kijivu

Prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa tupu. Iling'aa chini ya taa yangu ya mezani kama sahani iliyorambwa, na kibamba cha shaba kilichopaswa kuilalia kilikuwa safi vilevile, hakina hata alama ya kidole. Katika miaka yangu ya kufungua laptopu za watu nimekuta mende waliokauka, makombo ya biskuti, hereni, nywele za paka, na safari moja jino la mtoto. Usafi wa namna ile nilikuwa sijaukuta. Niliinua kichwa nikamtazama dada yangu, aliyekuwa kwenye kiti cha wateja, ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nani amefungua hii mashine?" nikamuuliza.

"Shemeji yako. Aliifanyia usafi."

Hapo nikacheka. Nilicheka peke yangu, maana dada hakuwa amekuja karakana kwa ajili ya mashine. Alikuwa amekuja kuniomba nimsindikize hospitali akapimwe kichwa.

Shemeji yangu nilikuwa nimeshamdharau kabla ya siku ile, na sababu zilinitosha. Alikuwa mtu wa sauti nzito na mawazo mepesi. Alipokuja kumwoa dada alikuwa na kazi katika ofisi fulani, na alipofukuzwa huko hakuna aliyeweza kueleza vizuri alikuwa akifanya nini. Dada wakati huo alikuwa ameanzisha kazi yake sebuleni: kusikiliza sauti zilizorekodiwa, vikao, mahojiano, mihadhara ya vyuoni, na kuyageuza hayo yote kuwa maandishi. Alikuwa na masikio ya ajabu. Watu wanne wakizungumza kwa pamoja, wawili wakikohoa, aliwatenganisha mmoja mmoja na kila mtu akampa maneno yake. Alijua hata pumzi ipi ni ya kufikiri na ipi ni ya kutafuta uongo. Wateja walimjia wenyewe.

Kisha mume wake, ambaye alikuwa anakaa tu nyumbani akibadilisha stesheni za redio, akagundua kwamba biashara inahitaji kiongozi. Alikodi vyumba viwili ghorofani, akanunua kiti kikubwa cha kuzunguka, akabandika kibao mlangoni, na akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila mtu kazini, mke wake akiwamo, amwite Mkurugenzi. Waandishi wakaongezwa. Mkurugenzi mwenyewe hakuwahi kuandika hata ukurasa. Alichofanya ni kujinunulia saa ya kupimia mbio, ile ya makocha wa mpira, akaivaa shingoni kwa kamba nyekundu, na akawa anasimama nyuma ya migongo ya watu wazima akibonyeza kitufe. Tik, umeanza. Tik, umemaliza. Mwandishi aliyekaa jirani na dada, mama mmoja tuliyemwita Mama Kimya kwa sababu hedifoni hazikumtoka masikioni, aliwahi kuniambia kwamba huzivaa hata kama hazina sauti yoyote, ili asiisikie ile saa.

Kwa muda mrefu saa hiyo haikuwa na la kumwambia dada. Alikuwa wa kwanza kila wiki, tena kwa mbali, na mumewe alilitangaza jambo hilo kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Halafu, bila dalili, dada akaanza kuchelewa.

Siku ile karakana alinieleza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mkoba.

"Naandika neno, halitokei. Nangoja. Nikidhani sikuliandika, naliandika tena. Mara yanakuja yote mawili. Mdogo wangu, sijui tena kama niliandika au nilifikiri tu kwamba nimeandika."

"Umemwambia mume wako?"

"Ndiye aliyeniambia mimi. Alisema haya mambo hurithiwa."

Hakuwa na haja ya kuendelea. Mama yetu alituondokea akiwa bado hai, neno kwa neno. Alianza kwa kusahau majina ya vitu vidogo. Kijiko kikawa "kile cha kukorogea". Dirisha likawa "pale panapopita mwanga". Mimi nilikuwa na kisingizio cha kazi, lakini dada alikuwa naye miaka yote ile, akimlisha, akimsogezea maneno kama unavyomsogezea mtu kiti. Mwisho mama alimwita dada "huyu mwema anayekujaga". Yeyote aliyekaa katika nyumba ile alijua kwamba dada aliogopa jambo moja tu duniani. Na shemeji alikaa katika nyumba ile. Alilijua, akalichukua, akalitumia kazini, mbele ya watu, kila wiki, huku ameshika saa.

"Tumekubaliana mwisho wa mwezi nikae nyumbani," dada akasema. "Binti wa kaka yake atachukua meza yangu. Nilitaka tu nijue kwa daktari, nijue nimebakiwa na muda gani."

Nikamwambia, sawa, tutakwenda, ila nionyeshe kwanza hiyo mashine unayoiandikia. Alikuwa nayo mkobani. Nilipoiwasha nikaiweka mapajani, nikaitoa haraka. Ilikuwa ya moto kama pasi. Feni ilikuwa inavuma kwa nguvu zake zote, na nilipobonyeza herufi kwenye kibodi, skrini ilinitazama kwanza, ikawaza, ndipo ikaniletea. Nikaizima, nikachukua bisibisi, nikaigeuza mgongo.

Ndivyo nilivyoufikia ule usafi.

"Aliisafishaje?" nikauliza.

"Aliangalia video. Akaifungua mezani kwake, wote tukamzunguka. Alikuta uchafu wa kijivu juu ya prosesa, kama dawa ya meno iliyokauka, akaukwangua, akaumalizia kwa pamba. Akasema mafundi ninyi ni wachafu, mnaziacha mashine za watu na tope ndani." Alisita kidogo. "Ikabaki skrubu moja. Akasema kiwandani huwa wanaweka za ziada."

Nimwambie msomaji ambaye hajawahi kufungua kitu kama hicho: lile "tope" ndilo lililokuwa linamfanyia dada kazi. Prosesa na kile kibamba cha shaba, ambacho mafundi tunakiita hitisinki, kwa macho ni nyuso mbili laini. Kumbe zina mabonde na vilima usivyoviona, na ukizibana kavu, hewa hubaki katikati, na hewa kwa joto ni blanketi. Pesti ya kijivu hujaza yale mabonde. Joto linapita kwenye shaba, shaba inalipeleka kwenye feni, feni inalitupa nje. Ukiiondoa pesti, prosesa inachemka, na kwa kuwa walioiunda walikuwa watu wenye akili, haisubiri kuungua. Inajipunguzia mwendo yenyewe, mpaka inatambaa. Shemeji yangu aliikaba mashine ya mke wake koo, kisha akasimama nyuma yake na saa, akampima yeye.

Sikumwambia dada maneno haya yote kwa wakati ule. Nilifuta vumbi kwa brashi. Nikafuta uso wa prosesa na wa shaba kwa spiriti, ingawa kwa kweli hapakuwa na cha kufuta. Nikatoa kwenye bomba la sindano tone la pesti la ukubwa wa punje ya choroko, nikaliweka katikati, nikalaza kibamba, nikakaza skrubu kwa kupishana pembe ili kikae sawasawa, na pale palipokuwa na pengo nikatia skrubu yangu. Kisha nikaifunga, nikaiwasha, nikamsogezea.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Chochote."

Aliweka vidole kwenye kibodi kama anayegusa maji kujua kama ni ya moto. Akaandika: kijiko. Neno likatokea hapohapo, lote, mara moja. Akaandika: dirisha. Akaandika: ufunguo, mto, kiberiti, shuka, kikombe, ngazi. Aliandika maneno yote ambayo mama aliyapoteza, na nadhani aliyafuata kwa mpangilio uleule ambao mama aliyapoteza nao. Hakuna lililochelewa. Skrini ilijaa vitu vya nyumbani. Mimi nilijifanya natafuta kitambaa chini ya meza, na nilikaa huko chini mpaka niliposikia vidole vimetulia.

"Kwa hiyo ni mashine," akasema.

"Ni mume wako," nikasema. "Mashine haina kosa."

Hospitali hatukwenda.

Nilimwomba asimwambie neno mpaka niwepo. Kila wiki kazini kwao kulikuwa na kikao cha asubuhi, watu wote wamesimama, isipokuwa Mkurugenzi, ambaye alikaa. Nilijialika. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilijipangia sentensi zangu moja baada ya nyingine, na kila moja niliinoa. Nilitaka nimwone mtu yule akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Nilipofika kikao kilikuwa bado, naye alikuwa tayari nyuma ya kiti cha dada. Tik. Dada aliandika sauti ya kikao fulani cha watu wagomvi, wanaokatana maneno, na alikuwa kama zamani, labda kuzidi zamani. Nilimwona shemeji akiangalia skrini, akiangalia saa, akiangalia skrini tena. Tik. Aliigonga ile saa kwenye kiganja mara kadhaa, akadhani imeharibika. Watu wote walikuwa wamegeuka. Nikavuta pumzi.

Alinitangulia. Hilo ndilo jambo ambalo sikuwa nimelipangia. Mtu mjinga ukimpa nafasi ya kuaibika huwa haioni, anapita juu yake na viatu vyake.

"Mmeona?" akawaambia waandishi wake, ametanua mikono. "Nilipomwambia ukweli, ameamka. Nilimwambia nafasi yako inakwenda kwa mwingine, na vidole vikafunguka. Huo ndio uongozi. Kuanzia leo kila mtu humu ajue meza yake si ya kudumu, na nitaona kasi."

"Shemeji," nikasema, "ile kijivu uliyoikwangua ilikuwa pesti ya kupozea. Mashine imekuwa ikichemka tangu siku uliyoifungua. Nimeiwekea nyingine. Ile skrubu uliyosema ni ya ziada, nadhani ni hiyo iliyo kwenye kikombe chako cha kalamu."

Mama Kimya alitoa hedifoni sikio moja. Shemeji alikitazama kikombe chake, kisha akanitazama, na uso wake ukafanya tabasamu la pole, lile ambalo watu huwapa wagonjwa.

"Shemeji yangu ni fundi," akawaeleza watu. "Fundi kila ugonjwa kwake ni skrubu. Na ni haki yake, lazima auze hiyo dawa yake." Baadhi wakacheka. Akamgeukia dada. "Mke wangu, sema mwenyewe mbele ya wote. Ni mashine, au ni wewe?"

Dada alikuwa bado amekaa, amewapa mgongo. Nilimwona akivua hedifoni zake taratibu na kuzikunja waya. Nilijua atasema. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi.

"Ni mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ni mimi," akarudia. "Leo nimejitahidi tu, nisiondoke kwa aibu. Nimechoka. Tufuate tulivyokubaliana, mwisho wa mwezi nikae nyumbani. Ila hii mashine ya zamani, kama hutajali, niachie. Itanisaidia kupitisha siku."

Shemeji aliitazama tena saa yake. Mtu aliyekuwa na mwandishi wa kasi namna ile mbele yake hakuwa tena na haraka ya kumwondoa, na hilo lilionekana usoni kwake waziwazi. Lakini alikuwa ameshamtangazia kila mtu, na wateja aliwapigia simu yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akiwaeleza kwa sauti ya msiba kwamba mama wa kampuni anakwenda kupumzika kwa sababu za kiafya. Angerudi nyuma vipi? Aliinama, akampigapiga dada begani, akasema, "Chukua, mke wangu. Imekutumikia." Watu wakapiga makofi.

Nilishuka ngazi bila kumuaga yeyote. Nilimdharau shemeji kama kawaida, lakini njiani kurudi karakana niligundua kwamba kuna mtu wa pili ninayemdharau, na ni dada yangu, wa tumbo moja. Nilisema moyoni: mtu umemrudishia akili zake mkononi, naye anazichukua na kumkabidhi yuleyule aliyeziiba. Akipiga simu, nilimjibu kwa maneno mafupi. Baadaye akaacha kupiga.

Miezi ikapita. Kisha akanitumia ujumbe wenye anwani tu, na chini yake: njoo na bisibisi.

Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mshonaji, na sauti ya cherehani ilipanda kupitia sakafu kama mvua ya mbali. Kulikuwa na meza, birika la umeme, pazia jipya, na mashine yake ileile. Mezani pembeni kulikuwa na mashine ya pili, na mbele yake ameketi Mama Kimya, hedifoni shingoni.

"Yangu nayo aliisafisha," Mama Kimya akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza naisikia sauti yake bila kunong'ona.

Nikatafuta kiti. Dada alinimiminia chai, akakaa mbele yangu.

"Ningesema ni mashine, ingekuwaje?" akauliza.

"Angeaibika."

"Angeomba msamaha. Wewe hujawahi kumsikia akiomba msamaha, mdogo wangu. Ni mrefu. Kuna machozi, kuna zawadi, kuna wazee wa familia. Nikishasamehe, nabaki palepale, kwenye kiti kilekile, naye nyuma yangu." Alikoroga chai yake. "Nilichokuwa nakitaka alikuwa ameshanipa mwenyewe, mbele ya watu. Ningemkosoa ili iweje?"

Wateja, akaniambia, walikuwa wamempigia kumpa pole. Walimkuta mzima. Wengine walicheka, mmoja alikasirika, na wengi walimuuliza kitu kimoja tu: sasa kazi tukutumie wapi. Shemeji hakuweza kulalamika kwamba ameibiwa wateja na mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliwaambia amekwisha.

Kwanza dada alikuwa akirudi nyumbani jioni. Kisha kikaja chumbani godoro, kwa ajili ya siku zenye kazi nyingi. Likafuata jiko dogo, sanduku la nguo, picha ya mama. Hakumwambia mumewe kwamba anahama, na mumewe, kwa kadiri ninavyojua, alichukua muda kugundua kwamba nyumbani mwake hakuna mtu mwingine. Sikumuuliza dada kama inamuuma. Nilifungua mashine ya Mama Kimya, nikaikuta safi kama ile ya kwanza, nikafanya kazi yangu.

Shemeji nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Alikuja karakana mchana, laptopu kwapani, ile saa bado shingoni ingawa waandishi waliobaki, nilisikia, walikuwa wawili na binti wa kaka yake. Mashine ilikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa inazima kila akiitumia kidogo. Sikuhitaji kuuliza ameifanyia nini.

Nilimtengenezea. Nilifuta, nikaweka pesti, nikakaza kwa kupishana pembe. Sijui kufanya kazi mbovu, hata kwa mtu kama yule. Alisimama juu yangu muda wote na kunieleza kwamba tone lile ni dogo, kwamba kwa uzoefu wake angeweka zaidi. Nilimwacha aseme. Nilipoiwasha ikaenda vizuri, aliitikia kwa kichwa kana kwamba tumeitengeneza pamoja.

Mlangoni akageuka.

"Dada yako," akasema, sauti imeshuka. "Kichwa chake kinaendeleaje?"

Nilikuwa napanga bisibisi zangu kwenye droo.

"Anasahau," nikasema.

"Anasahau nini?"

"Watu."

Alifumba macho kwa masikitiko, akatikisa kichwa polepole, na nikaona kwamba ndani ya yale masikitiko kulikuwa na kuridhika, kule kwa mtu ambaye utabiri wake umetimia.

"Nilijua," akasema, na akaishika mashine yake vizuri kwapani, akatoka.